Mali Imekwenda, Daftari Limebaki

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeukariri usemi huu tangu shule ya msingi, na mwenye duka la mtaani anaujua kuliko sisi wote. Leo naomba niugeuze kichwa chini miguu juu. Ipo nchi ambako mali ilipotea lakini daftari likabaki. Na ndani ya lile daftari, kumbe, walikuwamo watu!

Nchi yenyewe ni Mexico. Kabla hujaniuliza nimefikaje huko, ngoja nikupe kisa.

Nina jamaa yangu, mwandishi wa habari kama mimi, mzaliwa wa Texas, Marekani. Bibi yake mzaa mama alitoka upande wa pili wa mto, Mexico. Miaka miwili sasa jamaa anatafuta ukoo wake. Amepekua madaftari ya ubatizo kwenye intaneti mpaka macho yamemwuma. Ametema mate kwenye kile kichupa cha vipimo vya vinasaba, akajibiwa kuwa ana asilimia kadhaa za huku na asilimia kadhaa za kule, basi, kwaheri. Mwisho wa yote amekwama kwa babu mmoja aliyeandikwa jina tu, hana mbele wala nyuma.

Nikamwuliza, je, umeangalia karatasi za ardhi? Akacheka. Akaniambia karatasi za ardhi ni za matajiri, na kwamba watu wake walikuwa watu wa kulima mashamba ya wenzao.

Mimi nasema jamaa yangu amekosea, na kosa lake ni la wengi wanaotafuta asili zao. Tunadhani historia ya familia iko kanisani na hospitalini, mahali watu wanapozaliwa na kufa. Kazi hii ya uandishi imenifunza kitu kingine. Ukitaka kuwajua watu wa mahali, uliza wamegombania nini. Mexico wamegombania ardhi kwa miaka mia tano, na ugomvi ule wote umeandikwa.

Tuanze na pale jamaa alipokwama, maana wengi hukwama hapo hapo.

Kanisa Katoliki liliandika ubatizo, ndoa na mazishi tangu karne ya 16. Serikali nayo ilianza kuandikisha vizazi na vifo kwa sheria ya mwaka 1859, enzi za Benito Juárez. Madaftari hayo ni hazina, sibishi. Tatizo ni majina. Wenyeji wengi, wale ambao Wahispania waliwaita Wahindi, waliandikwa majina mawili ya ubatizo bila jina la ukoo. Juan Diego. María Juana. Sasa fikiria parokia yenye akina Juan Diego watano, wote wa rika moja, na nusu yao wameoa akina María. Utamjuaje wa kwako?

Zamani mapadri walikuwa na vitabu tofauti: cha Wahispania, cha machotara, cha wenyeji. Mwaka 1822, mwaka mmoja baada ya uhuru, ikapigwa marufuku kuandika watu kwa rangi zao. Kwa usawa wa raia hilo ni jambo jema kabisa. Kwa mtafuta babu, alama moja ya kumtenganisha Juan Diego huyu na yule imefutika.

Lakini Juan Diego wako alikuwa na kitu ambacho wenzake wanne hawakuwa nacho. Alikaa mahali fulani, kando ya kijito fulani, akapakana na mtu fulani. Kanisa halikuhitaji kuyajua hayo. Aliyeyahitaji ni karani wa ardhi.

Hebu tazama utaratibu ulivyokuwa. Baada ya Wahispania kuuteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521, aliyetaka ardhi aliiomba kwa jina la mfalme, na ruzuku hiyo waliiita mersedi. Vipimo vilikuwa vikubwa. Eneo la kulishia ng'ombe lilikuwa kama hekta 1,755, la kondoo na mbuzi kama hekta 780, na kipande cha kulima kama hekta 43. Ombi halikupita hivi hivi. Ofisa wa wilaya aliagizwa aende kwenye eneo, atangaze kwa watu wakiwa wametoka misa, kwa lugha yao, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kisha asikilize mashahidi, na mara nyingi achoreshe ramani. Nyingi kati ya ramani hizo zilichorwa na wachoraji wenyeji: njia inaonyeshwa kwa nyayo za miguu, kijiji kwa kanisa dogo lenye kengele.

Sasa njoo kwa shahidi, maana hapo ndipo penye utamu. Shahidi aliapishwa, akataja jina lake, umri wake (mara nyingi wa kukisia), mahali anapoishi, na kama alihitaji mkalimani hilo nalo likaandikwa. Halafu akaulizwa kama ana undugu na yeyote kati ya wanaodai. Soma tena hapo. Undugu! Mkulima mzee asiyejua kusoma, ambaye kanisani ameandikwa mstari mmoja, mahakamani ameandikwa ukurasa mzima: ana miaka 70 hivi, amezaliwa pale pale, baba yake alimwonyesha mpaka akiwa mtoto, na huyu anayedai ni binamu yake.

Mirathi nayo haitofautiani na ya kwetu. Huwezi kurithi shamba mpaka useme wewe ni mtoto wa nani, na shangazi akikataa, ulete watu wa kukushuhudia. Kwa hiyo ndani ya kesi za ardhi mna wosia, vyeti vya ndoa vilivyonakiliwa, orodha za watoto pamoja na wale wa nje ya ndoa, na michoro ya nasaba kuanzia babu hadi kitukuu na kilembwe. Hata hati ya kawaida ya kuuza kiwanja kwa notario, yule mwandishi rasmi wa hati, husema muuzaji alikipata wapi: amerithi kwa baba, ambaye alinunua kwa fulani. Halafu hutaja mipaka: kaskazini shamba la huyu, mashariki la yule. Usiwapite majirani haraka. Vijijini watu huoana na majirani. Yule wa kaskazini anaweza kuwa mkwe.

Haya, turudi kwa jamaa yangu na mto wake. Hapa ndipo alipoacha kucheka.

Kati ya 1749 na 1755, katika koloni lililosimamiwa na José de Escandón, walowezi walianzisha vijiji kando ya mto Rio Grande: Camargo, Reynosa, Revilla, Mier na Laredo. Mwanzoni ardhi waliitumia kwa pamoja. Mwaka 1767 wakafika wajumbe wa serikali kuigawa. Walikata vipande vyembamba upande wa mtoni na virefu kuelekea bara, ili kila mwenye ardhi apate maji ya kunyweshea mifugo. Kila kipande, porsioni kwa lugha yao, kilipewa namba na jina la mwenyewe. Waliotangulia kufika walipewa zaidi ya waliochelewa. Maana yake ni nini kwa mtafuta ukoo? Ukubwa wa shamba peke yake unakudokeza kama babu alikuwa miongoni mwa waanzilishi au alikuja baadaye.

Makabidhiano yenyewe yalikuwa na sherehe yake. Mwenye ardhi alishikwa mkono akaingizwa kwenye porsioni yake. Aling'oa majani, akarusha mawe, akamwaga maji, ishara kwamba sasa yeye ndiye mwenye mali, na karani akayaandika yote hayo. Mimi nimesoma habari hii mara nyingi na bado inanigusa. Ni wapi pengine utamkuta babu wa kizazi cha saba au cha nane ameshika jiwe mkononi?

Kisha vikaja vita vya Marekani na Mexico mwaka 1846, na mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa tarehe 2 Februari 1848. Mto ukawa mpaka wa nchi mbili. Familia za ukingo wa kaskazini zikajikuta Marekani bila kusogea hata hatua moja. Texas ikaunda tume ya kuhakiki hati zao. Wenye ardhi wakatoa karatasi zao, wengine kwa shingo upande. Novemba 1850 kamishna mmoja, James Miller, akiwa safarini kurudi Austin na sanduku la hati, meli yake iliyoitwa Anson ikazama. Sanduku likaenda na maji. Ikabidi ushahidi utafutwe upya, ndipo mwaka 1852 bunge la Texas likathibitisha madai mengi.

Wengi waliothibitishiwa hawakukaa na ardhi hiyo muda mrefu. Iliondoka kwa kesi, kwa ada za mawakili, kwa kodi, kwa kuuzwa kwa bei ya kutupa. Na upande wa Mexico, mji wa zamani wa Revilla, ambao baadaye uliitwa Guerrero, ulifunikwa na maji ya bwawa la Falcon mwaka 1953. Shamba liko chini ya ziwa. Nakala za ule ugawaji wa 1767 ziko kavu kabisa mjini Austin, kwenye ofisi ya ardhi ya jimbo, na mjukuu anaweza kuzisoma.

Jamaa akanijibu: sawa, lakini hao walikuwa na porsioni. Je, wasio na kitu?

Swali zuri. Na mimi sitaki kumdanganya mtu. Karatasi za ardhi zinawajua zaidi wenye ardhi. Ila haziwajui wao peke yao.

Kwanza kuna vijiji. Jijini Mexico kuna Archivo General de la Nación, hifadhi kuu ya nyaraka za taifa. Mwaka 1982 iliingizwa katika jengo la Lecumberri, ambalo tangu 1900 hadi 1976 lilikuwa gereza. (Mababu waliofungiwa kwenye vyumba vya wafungwa, ukitaka kucheka cheka.) Fungu lake liitwalo Tierras, yaani ardhi, lina maelfu ya majalada, na sehemu kubwa ni kesi za vijiji maskini dhidi ya majirani na dhidi ya hasienda, yale mashamba makubwa. Aliyeshtaki si tajiri mmoja. Ni kijiji kizima, na viongozi wake na mashahidi wake wametajwa kwa majina.

Pili kuna wale walioandikwa kama mali. Orodha za mali za hasienda ziliwataja watumwa kwa jina, umri na asili, karibu na ng'ombe na mitambo ya miwa. Orodha ya mali za Hernán Cortés ya mwaka 1549 ni ya namna hiyo. Humo katika orodha za wakati wa ukoloni utakutana na watu wa Angola, na wengine wa Msumbiji, maana Waafrika wa pwani yetu hii ya mashariki walifikishwa hadi Acapulco kwa meli za kutoka Manila. Inauma kumkuta mtu kwenye ukurasa mmoja na sufuria za kuchemshia sukari. Lakini kwa wengi wao ukurasa huo ndio pekee uliobaki, na mjukuu ana haki ya kuusoma.

Tatu, na hapa nilitaka jamaa yangu anisikilize vizuri, kuna mapinduzi.

Mwaka 1856 sheria ya Waziri Lerdo ilivitaka vijiji vigawe ardhi yao ya pamoja kwa mtu mmoja mmoja. Katika miongo iliyofuata hasienda zikanenepa. Tarehe 12 Septemba 1909 wanakijiji wa Anenecuilco, jimbo la Morelos, walimchagua kijana wa miaka 30 kuwa kiongozi wao. Jina lake Emiliano Zapata. Wazee walimkabidhi nini? Bunduki? Hapana. Walimkabidhi karatasi za ardhi ya kijiji, nyingine zikiwa kwa lugha ya Kinahuatl. Bunduki zilikuja baadaye. Zapata aliuawa tarehe 10 Aprili 1919, lakini karatasi zilitunzwa, na mwaka 1943 mwanahistoria Jesús Sotelo Inclán alizitumia kuandika kitabu kuhusu kijiji hicho. Watu walikufa kwa ajili ya karatasi hizo, halafu tunaambiwa ni mambo ya matajiri!

Matunda ya vita hivyo yalikuwa sheria ya tarehe 6 Januari 1915 na ibara ya 27 ya katiba ya 1917. Wanakijiji waliweza kuomba ardhi ya pamoja, iitwayo ehido (wenyewe wanaandika ejido). Rais Lázaro Cárdenas peke yake, kati ya 1934 na 1940, aligawa kama hekta milioni 18. Na kila ombi lilizaa faili: barua ya wanakijiji na majina yao, asiyejua kuandika akaweka dole gumba, kisha sensa ya waombaji. Kichwa cha familia, umri, ameoa au hajaoa, kazi yake, wanaomtegemea, mifugo aliyonayo. Mtu aliyekuwa kibarua maisha yake yote, asiyemiliki hata kuku, yumo! Yumo kwa sababu hana ardhi. Kutokuwa na kitu ndiko kulikomwingiza kwenye daftari. Mafaili hayo yako chini ya Registro Agrario Nacional, masjala ya ardhi ya vijiji. Zaidi ya hayo, gazeti rasmi la serikali lilikuwa likichapisha majina ya waliopoteza haki zao kwenye ehido na waliochukua nafasi zao, na siku hizi gazeti hilo unalisoma kwenye intaneti.

Haimaanishi kila mtu yumo. Vibarua walioishi ndani ya hasienda waliachwa nje mpaka sheria ya 1934 ilipoanza kuwafungulia mlango. Wanawake ndio walioumia zaidi. Kwa miaka mingi mwanamke alihesabika pale tu alipokuwa mjane au hana mume na analea familia. Usawa wa kisheria kwenye ehido ulikuja mwaka 1971. Kwa hiyo ukimtafuta bibi, mtafute kwenye wosia, kwenye mahari, kwenye mirathi, na angalia alipoandikwa mjane. Inasikitisha kwamba bibi wengi huonekana kwenye karatasi siku mume anapokufa.

Na usiamini kila ulichokisoma. Karatasi ya ardhi imeandikwa na mtu anayetaka kushinda. Shahidi huongeza miaka yake ili aonekane anakumbuka ya zamani. Kuna hati za vijiji zilizotengenezwa mwishoni mwa karne ya 17 na karne ya 18 kwenye karatasi ya magome ya miti, zikapambwa zionekane ni za siku za Cortés, kwa kuwa mahakama ilidai karatasi na kijiji kilikuwa na kumbukumbu ya mdomo tu. Siwalaumu hata kidogo. Mtafutaji makini huzisoma hati hizo kujua kijiji kilijieleza vipi, ila tarehe zake hazichukui kama zilivyo.

Kama nawe una asili huko, au una rafiki kama wangu, ushauri wangu ni huu. Anza na kanisa na serikali ili ujue mahali: jina la ranchi, hasienda au kijiji. Akina San Miguel ni wengi Mexico, hivyo usiridhike mpaka ujue wilaya. Ukishapata mahali, acha kumtafuta babu kwa muda. Tafuta shamba. Nani alilimiliki, nani alilidai, kesi ilikuwa mwaka gani? Kisha soma kila jina lililomo, hata majirani na mashahidi. Babu huwa anakuja mwenyewe, mara nyingi akiwa shahidi wa tatu kwenye kesi ya mtu mwingine.

Hoja yangu sasa. Orodha ndefu ya majina na tarehe bado haijawa historia ya familia. Kipimo cha mate kitakuambia damu yako ilitoka bara gani, ila hakitakuambia nani alimnyang'anya babu yako kisima, wala bibi yako alisimama mbele ya hakimu akasema nini. Karatasi ya ardhi inakuambia. Ndiyo maana naona ni dhambi familia kuchoma masanduku ya wazee baada ya matanga, na naona ni dhambi kubwa zaidi ofisi yoyote ya umma kuyafungia mafaili hayo kana kwamba ni mali ya makarani. Yaliandikwa kwa jasho la wanakijiji. Yafunguliwe, yapigwe picha, yasomwe.

Juzi jamaa yangu ameniandikia. Babu bado hajampata. Ila amemwuliza tena mama yake, na safari hii hakuuliza majina. Ameuliza walikuwa wakichota maji wapi. Mama akalitaja jina la ranchi ambalo hakuwahi kulitamka miaka yote miwili, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Barua ya kuomba faili la kijiji hicho imeshatumwa.

Naomba kutoa hoja.